Roboti mgonjwa, mdoli wa leba au mlezi wa zamu? Ulinganisho kwa vituo vya Dodoma vinavyopokea ajira mpya

Kila kundi la ajira mpya linaporipoti halmashauri, iwe Bahi, Chemba, Kongwa au Dodoma Jiji, mganga mfawidhi anajua kazi inayomsubiri. Vijana wana vyeti, wana leseni, na wengi wana moyo wa kazi. Kinachokosekana ni mikono iliyozoea. Muuguzi aliyefaulu vizuri mtihani wa kumhuisha mtoto asiyelia anaweza kukutana na mtoto wa namna hiyo kwa mara ya kwanza saa tisa usiku, akiwa na mhudumu mmoja tu, mama bado yuko kitandani na kondo la nyuma halijatoka.

Miaka hii limeingia jibu jipya: roboti. Wauzaji wanakuja na video za mgonjwa wa plastiki anayepumua, anayetokwa jasho na kufumba macho, na kikao kizima kinavutiwa. Nimelea wauguzi na wakunga wapya kwa muda mrefu, na nakubali kwamba mashine hizi zina nafasi yake. Lakini mwenye bajeti ana swali lake: kwa fedha hii, kwa kituo hiki, kwa vijana hawa, ni kipi kitakachobadilisha yanayompata mgonjwa? Ndiyo maana naweka vitu vitatu sambamba: roboti mgonjwa, mdoli mwepesi wa mafunzo, na mlezi wa kazini, yaani mtumishi mzoefu anayepangwa zamu moja na mgeni. Mifano yangu mingi ni ya leba na mtoto mchanga, kwa sababu ndiko ninakofanya kazi, na ndiko kwenye ushahidi mwingi wa hapa nchini.

Vyenyewe ni vitu gani

Roboti mgonjwa haikuanza jana. Ya kwanza kuendeshwa na kompyuta, Sim One, ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, mwaka 1967, ili kufundishia madaktari wa usingizi. Za leo zimefika mbali. SimMan 3G ya kampuni ya Laerdal ya Norwei kifua chake hupanda na kushuka, mapigo yake yanashikika mkononi na shingoni, mboni zake huitikia mwanga, ngozi hutoa jasho na midomo huonyesha ubuluu wa kukosa hewa. Victoria ya kampuni ya Gaumard ya Miami hujifungua mtoto mbele ya wanafunzi. Pembeni au nyuma ya kioo, mkufunzi anakaa na kompyuta na kuamua: sasa presha inashuka, sasa anaishiwa pumzi. Jambo hili wengi hawaambiwi mapema. Kwa kawaida roboti haifundishi yenyewe. Inaendeshwa na mtu, na mtu huyo naye lazima afundishwe.

Mdoli mwepesi una historia ndefu zaidi. Resusci Anne, ambao wengi wetu tulijifunzia kukandamiza kifua, ulitoka mwaka 1960 mikononi mwa Åsmund Lærdal, mtengenezaji wa midoli ya watoto wa mji wa Stavanger. Kwa watoto wachanga kuna NeoNatalie, uliokuja pamoja na mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua yaliyoanza kusambazwa mwaka 2010, na kwa mama kuna MamaNatalie, anaouvaa mkufunzi tumboni.

Mlezi wa kazini mnamjua. Ni yule sista ambaye wodi ikichafuka wote mnamtazama yeye.

Kuna pia roboti ya magurudumu yenye skrini, ambayo bingwa aliye mbali huiendesha na kuongea kupitia hiyo. Sitakaa hapo. Kishikwambi kilichofungwa kwenye stendi ya dripu kinafanya kazi hiyo hiyo, na mtandao ukikatika vyote viwili vinanyamaza.

Haydom ilituonyesha nini

Kabla ya kulinganisha bei, linganisheni matokeo. Kwa bahati njema hatuhitaji kwenda Ulaya kuyatafuta. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iko Mbulu, mkoani Manyara, na inahudumia pia watu wa Singida. Ni ya huku huku kwetu, yenye shida zinazofanana na zetu.

Haydom walifundisha watumishi wao kwa siku moja, wakitumia NeoNatalie. Utafiti wa Hege Ersdal na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta jambo ambalo kila anayepanga semina anapaswa kulijua: watumishi walifanya vizuri zaidi kwenye mdoli, lakini walivyowahudumia watoto halisi leba hakukubadilika. Semina ilifanyika, vyeti vikatolewa, mtoto hakunufaika.

Hawakununua mashine kubwa zaidi. Walibadilisha ratiba. Mdoli ukahamia kazini, watumishi wakawa wanafanya mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, na kila mwezi wanapata marudio marefu zaidi chini ya mkufunzi wa hapo hapo hospitalini. Matokeo yaliyotolewa na Estomih Mduma na wenzake mwaka 2015 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Watoto waliosuguliwa mgongo na kusafishwa njia ya hewa mapema waliongezeka, na waliohitaji kupuliziwa kwa ambu, yaani mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono, wakapungua.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi. Mpango wa Safer Births ulipeleka midoli iliyoboreshwa, vifaa vya kusikiliza mapigo ya mtoto tumboni na mazoezi ya mara kwa mara katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Mwanza na Shinyanga. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na muda mfupi baadaye vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Humo hamkuwa na roboti ya mtu mzima anayetoka jasho. Kilichobeba mabadiliko ni mdoli ulio karibu, takwimu za kituo zinazosomwa na wenye kituo, na mtu aliyepewa jukumu la kuwakumbusha wenzake.

Kwa hiyo ninapoulizwa kipi bora, nauliza kwanza: kitakaa wapi, na kitaguswa mara ngapi kwa wiki?

Mikono juu ya mdoli

Hebu tuutazame kwa karibu. NeoNatalie unajazwa maji, lita mbili hivi, na mtu akiweka ya uvuguvugu mdoli unakuwa na joto na uzito wa mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Shingo inalegea, kichwa kinaanguka pembeni, mikono inaning'inia. Mkufunzi ana vibofu vya kubonyeza: kimoja kinafanya kitovu kidunde, kingine kinamliza mtoto.

Muuguzi mpya akipewa ambu, kosa la kwanza huonekana mara moja. Anakunja shingo nyuma kupita kiasi, kama alivyozoea kwa mtu mzima, au kinyago kinapwaya pembeni mwa pua. Anabonyeza, na kifua hakipandi. Anabonyeza kwa nguvu zaidi. Hakipandi. Hapo mwalimu hana haja ya kusema neno, maana mdoli umeshakataa. Anarekebisha kichwa kidogo, anakamata kidevu kwa vidole vitatu, anabonyeza taratibu, na kifua kinainuka. Dakika moja ya kwanza ya uhai, ile tunayoiita dakika ya dhahabu, inapatikana au inapotea katika marekebisho hayo madogo. Roboti ya bei mbaya haiwezi kuufundisha mkono huo jambo hili vizuri zaidi ya mdoli huu.

Toleo jipya, NeoNatalie Live, linaunganishwa na kishikwambi na kumwambia anayefanya mazoezi kama hewa inavuja na kama pumzi ni nyingi au chache. Kwangu huu ndio msaada halisi wa kompyuta katika kulea ajira mpya, kwa sababu kijana anaweza kufanya mazoezi peke yake saa ya utulivu bila kusubiri mkubwa wa kumsahihisha, na bila kuona haya mbele ya wenzake. Mwenye bajeti ya kati akiniuliza, huo ndio ninaoutaja kwanza.

MamaNatalie nao una sifa ambayo roboti nyingi hazina: ndani yake kuna mtu. Mwenzetu anauvaa, analala kitandani, anafungua koki na damu ya kuigiza inatiririka. Anashika mkono wa mkunga na kumuuliza, "Mwanangu mzima?" Akitaka anaanza kwa Kigogo, "Mbukwenyi," na kuendelea hivyo hivyo kama bibi aliyetoka kijijini Mvumi, na mkunga aliyetoka Kagera lazima atafute njia ya kumwelewa. Hapo kijana anajifunza mambo mawili kwa pamoja: kukanda mji wa mimba na kuendelea kuongea na mama. Kweli, roboti nayo ina kipaza sauti, na mkufunzi anaweza kuisemea kwa lugha yoyote. Lakini uso wa plastiki hauonyeshi kwamba umeumizwa kwa kushikwa vibaya au kwa kuvuliwa shuka bila kuombwa ruhusa. Mwenzako atakwambia.

Kwa kutokwa damu baada ya kujifungua, utafiti wa E-MOTIVE uliotolewa mwaka 2023 ulihusisha hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Kupima damu kwa mfuko wenye alama unaowekwa chini ya mama, na kutoa tiba zote kwa pamoja badala ya moja moja, kulipunguza kutokwa damu nyingi na madhara yake makubwa kwa asilimia 60. Hatua hizo zote zinafanyika juu ya mdoli wa kuvaa, leba yenyewe, na timu ile ile ya zamu.

Mdoli una mipaka yake, na nisiifiche. Haubadiliki rangi. Hauna presha ya kupima. Mkufunzi ndiye anayetamka, "Sasa mapigo ni 80," na mwanafunzi anaamini. Kijana anayehitaji kujifunza kumsoma mgonjwa anayezorota kidogo kidogo, kutazama monita, kusikiliza mapafu na kuamua, mdoli huu utamwacha njiani.

Roboti inaposhinda

Hapo ndipo roboti inapostahili fedha yake. Chukua mgonjwa aliyechomwa sindano ya dawa ya kuua vijidudu na mwili ukaikataa: presha inaporomoka, koo linavimba, ngozi inatoka mabaka. Tukio hilo ni nadra, na linapokuja lina dakika chache tu. Muuguzi anaweza kufanya kazi miaka bila kuliona, kisha siku likija asikumbuke adrenalini iko kabati gani. Roboti inaweza kumletea tukio hilo Jumatatu asubuhi, kwa mpangilio ule ule kwa kila timu, na kuandika nani alifanya nini sekunde ya ngapi. Ganzi ya mgongo iliyopanda juu mno chumba cha upasuaji ni hivyo hivyo. Kifafa cha mimba kwa mama aliyeletwa amechelewa, na mgonjwa wa mahututi ambaye mashine yake ya kupumulia imeziba, pia.

Faida kubwa zaidi ni ya timu. Daktari wa mafunzo kwa vitendo, muuguzi wa ajira mpya, mtaalamu wa usingizi na wa maabara wakisimama kuzunguka mgonjwa mmoja ambaye presha yake inashuka kweli kwenye monita, unasikia mara moja nani anatoa amri, nani anarudia amri aliyopewa, na nani amekaa kimya wakati ameona kosa. Katika mazoezi ya namna hii nimeona muuguzi mpya akijua kwamba kipimo cha dawa alichotaja daktari ni kikubwa, na akashindwa kusema. Baadaye, timu ilipokaa chini kujadili bila lawama, alisema. Kikao hicho cha baada ya zoezi ndicho chenye mafunzo, na kinahitaji mwezeshaji aliyefundwa kukiongoza. Chuo kinachonunua roboti bila kumwandaa mwezeshaji kimenunua nusu ya kitu.

Kwa hiyo kwa taasisi kama Chuo Kikuu cha Dodoma na Hospitali ya Benjamin Mkapa, zenye wanafunzi na madaktari wa mafunzo wengi, chumba cha mahututi na mafundi wa vifaa tiba, roboti moja inayotumika kila wiki ni uwekezaji wenye maana. Idadi ya wanaopita mikononi mwake ndiyo inayohalalisha bei.

Bei, umeme, vumbi

Roboti mgonjwa wa kiwango cha juu inauzwa makumi ya maelfu ya dola za Marekani. NeoNatalie haukaribii hata kidogo bei hiyo, na Laerdal Global Health, taasisi dada ya kampuni ya Laerdal, iliyoanzishwa mwaka 2010, imekuwa ikiipeleka midoli yake nchi za kipato cha chini bila kutafuta faida.

Bei ya kununua lakini ni mwanzo tu. Roboti inahitaji chumba chake chenye kiyoyozi, umeme usioyumba au betri kubwa ya akiba, leseni ya programu, ngozi na mishipa ya kubadilisha kila inapochomwa sana, na fundi. Dodoma yetu ni kavu sehemu kubwa ya mwaka, na upepo wa kiangazi unaingiza vumbi jekundu hata kwenye madirisha yaliyofungwa. Vumbi hilo likiingia kwenye pampu ndogo za hewa na viungio, mashine inaanza kukataa kupumua, na spea inaagizwa nje. Nimeona vifaa vya msaada, vya aina nyingine, vilivyofunikwa shuka kwenye stoo kwa sababu adapta moja iliungua na hakuna aliyejua pa kuagiza. Mwenye kuandaa maombi kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma, aweke mkataba wa matengenezo, spea za miaka ya mwanzo na mafunzo ya waendeshaji wawili ndani ya bei. Waendeshaji wawili, kwa sababu mmoja atahamishwa.

Mdoli unahitaji maji, sabuni na kukaushwa vizuri usiote ukungu. Toleo la Live linahitaji kuchajiwa, na sola ya kituo inatosha.

Mlezi wa zamu

Mlezi hana mshindani katika mambo ambayo hakuna mashine inayoyaigiza. Anamwonyesha mgeni jinsi ya kumwambia mama kwamba mtoto hakuishi. Anamfundisha kujaza partografu, chati ya maendeleo ya uchungu, wakati ule ule, isije ikajazwa asubuhi kwa kumbukumbu. Anajua dereva wa gari la wagonjwa anapatikana kwa namba ipi na barabara ipi haipitiki mvua zikinyesha. Anamwona mama aliyenyamaza ghafla na kusema, "Huyu simwelewi, njoo tumtazame tena."

Ila mlezi hurithisha kila alicho nacho, na makosa yake yamo. Kama yeye mwenyewe alizoea kumshika mtoto miguu na kumning'iniza kichwa chini, mgeni ataondoka na hilo. Pia wodi ikiwa na akina mama sita na wauguzi wawili, ulezi unageuka kuwa, "Fanya hivi, upesi." Na hatari inabaki kwa mgonjwa: mkono wa mgeni unajifunza juu ya mwili wa mtu. Hapo ndipo mdoli na mlezi wanapohitajiana. Kosa la kwanza, la pili na la tatu yafanyike kwenye mdoli. Mlezi asimame karibu mgeni anapomshika mtoto wa kweli.

Ningechagua hivi

Zahanati isihangaike na roboti, wala isisubiri. NeoNatalie mmoja, ambu ya mazoezi ambayo haichanganywi na ya wagonjwa, na ziara ya mlezi kutoka kituo cha afya kila mwezi. Yenye watumishi wawili inaweza kufanya zoezi la dakika tano wakati wa kukabidhiana zamu.

Kituo cha afya kinachofanya upasuaji wa uzazi, kama ilivyo kwa vingi vilivyojengwa miaka ya karibuni, kiwe na NeoNatalie Live na MamaNatalie, na mdoli wa kukandamiza kifua cha mtu mzima, ule ambao mtumishi anaweza kupima kama anashuka sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Fedha zikibaki, zilipe posho ya mlezi kabla ya kununua kifaa cha nne.

Hospitali ya wilaya ndiyo yenye uamuzi mgumu, na ndiyo wauzaji wanayoifuata zaidi. Ushauri wangu ni kutonunua roboti yake. Ikubaliane kwa maandishi na hospitali ya rufaa au chuo kilicho nayo, timu nzima ya zamu iende pamoja mara chache kwa mwaka, kisha irudi na kuendelea na mdoli kila wiki. Kumpeleka muuguzi mmoja mmoja hakusaidii sana, kwa sababu alichokwenda kujifunza ni kazi ya timu, na timu imebaki nyumbani.

Hospitali ya rufaa na chuo: roboti ndiyo, ikiwa yapo majibu ya maswali manne kabla ya kusaini. Nani ataiendesha na nani atamrithi? Ratiba ya wiki inaonyesha saa ngapi za matumizi? Fundi wa karibu yuko wapi? Vituo vya wilaya vitaingia kwa utaratibu gani? Kama muuzaji anajibu la tatu kwa kusema atatuma mtu kutoka nje ya nchi, bei ishushwe au mashine ibaki kwake.

Kokote mtakakoishia, andikeni kwenye ubao wa leba siku ya zoezi, jina la msimamizi wa wiki na jambo moja litakalofanyiwa mazoezi: wiki hii ambu, wiki ijayo damu, inayofuata kifafa. Chukueni takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za afya wa kituo, za miezi sita kabla ya kuanza, ili baada ya miezi sita mingine mlinganishe watoto waliofariki ndani ya saa 24 na wale waliokufa muda mfupi kabla ya kuzaliwa. Na mdoli ukae mahali ambapo mshika zamu wa usiku anaufikia bila kuomba ufunguo.